Simu ya Musili

Annah Kaindi alikuwa analipwa kusoma mambo ya watu. Anayedhani hiyo ni kazi ya mchezo angekaa naye wiki moja tu kwenye orofa ya nane pale Upper Hill, aone kama angemaliza chakula chake cha mchana. Kabla ya hapo alikuwa karani wa faili katika hospitali moja ya Parklands. Miaka kumi na mmoja alibeba makaratasi ya wagonjwa kutoka dirisha hili hadi mlango ule, na humo ndimo alimojifunza kusoma mwandiko wa madaktari, jambo ambalo huwashinda hata madaktari wenyewe. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka wa 2023, mradi mmoja wa utafiti ulipotafuta makarani wenye jicho la faili na wanaoelewa Kiswahili, Kikamba na maneno ya mtaani, Kaindi aliitwa siku ile ile aliyopeleka barua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa Korona wagonjwa wengi hawakuwahi kulazwa. Vitanda vilikuwa vimejaa, wakaambiwa wajitenge nyumbani, wanywe maji ya moto, wapige simu wakizidiwa. Hakuna hospitali iliyowafungulia faili. Lakini wao wenyewe walikuwa wameandika. Mkenya unaweza kumnyima kitanda, humnyimi Facebook. Waliandika siku waliyopimwa, siku chai ilipokosa harufu, siku ngazi za nyumba zilipowashinda. Mradi ulizikusanya habari hizo zilizokuwa wazi kwa kila mtu, ukampa kila mgonjwa nambari badala ya jina, na makarani wakatakiwa kumfuata kila mmoja hadi mwisho wake: amepona, amefariki, au hajulikani. Wakimaliza, Daktari Mwaura, mkuu wa mradi, angewalinganisha waliotunzwa nyumbani na waliolazwa, ili gonjwa lingine likija ijulikane nani aachwe nyumbani na nani akimbizwe hospitalini.

Siku ya mafunzo walipewa kanuni tisa. Ya tano ilisema hivi: mgonjwa akionekana kuandika tena baada ya siku ishirini na nane, na kusiwe na tangazo lolote la kifo chake, aandikwe amepona. Makarani wakatikisa vichwa kukubali. Maiti haiandiki, au sivyo? Kaindi peke yake ndiye ambaye hakutikisa, kwa sababu ndani ya mkoba wake, chini ya leso na chaja, mlikuwa na simu ya marehemu ndugu yake, na simu hiyo ilikuwa imeandika Jumatatu iliyopita. Aliusukuma mkoba chini ya kiti. Alidhani ni yeye peke yake, Nairobi nzima, mwenye wazimu wa namna hiyo, na mtu mmoja haharibu hesabu.

Ndugu yake aliitwa Musili, fundi wa friji. Parklands walimjua, kuanzia akina mama wa magorofani hadi wenye maduka ya dawa: mtu mrefu, miguu myembamba, aliyekuwa akizungumza na friji anapoitengeneza na kuilaumu isipomwitikia. Ukurasa wake wa Facebook aliuacha wazi kwa kila mtu kwa kuwa wateja walimpata huko. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya kliniki ndogo iliyotaka friji ya kuwekea chanjo, Machi 2021, chanjo zenyewe zikiwa zimetua nchini juzi tu. Alihangaika nayo siku mbili hadi ikashika baridi. Siku ya nne akaandika: "Wasee, hiyo kitu imenipata. Niko kwa keja nimejifungia. Niombeeni." Watu mia na kitu wakamwombea.

Alikuwa akiishi Kawangware, ploti moja na Kaindi, mlango wa pili kutoka kwake. Mke aliondoka zamani, akamwachia binti, Ivyne, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Kaindi alimhamishia mtoto kwa jirani yao Peres, Mama Quincy kwa watu wa ploti, kisha akawa anamwekea ndugu yake uji mlangoni. Siku ya saba uji ulibaki ulivyowekwa. Kaindi, mtu wa hospitali, anayejua majina ya wauguzi na watoto wao, alipiga simu kumi na saba, na kote aliambiwa jambo moja: hakuna kitanda. Hospitali yake mwenyewe ilimwambia aache jina la mgonjwa kwenye orodha. Siku ya tisa asubuhi, mtungi wa oksijeni ulipopatikana na gari likaingia ploti, Musili alikuwa ameshakata roho saa mbili zilizopita. Mwenye gari alisimama mlangoni, mtungi ukiwa bado garini, akauliza kama auteremshe au arudi nao. Hadi leo Kaindi hakumbuki alimjibu nini.

Walimzika kwao Mwingi baada ya siku mbili, watu kumi na watano, maafisa wa afya wakiwa ndani ya nguo zao nyeupe. Watoto hawakuruhusiwa. Kaindi aliporudi Nairobi alikuta Mama Quincy, kwa roho yake safi, ameshatoa jibu. "Nilimwambia babake ameenda Qatar," alinong'ona. "Ningesema nini na mtoto ananiangalia hivyo?" Na kweli jibu hilo lilikuwa karibu sana na mdomo, kwa sababu hakuna ploti Kawangware isiyo na mtu aliyeenda Qatar kwa ghafla. Kaindi aliapa atamwambia mtoto ukweli kesho yake.

Hiyo kesho ilichukua miaka miwili. Kwanza kulikuwa na mwenye nyumba, aliyekuwa akiwafukuza watu wa Korona kana kwamba kuta zake zingekohoa. Kwa sababu yake Kaindi alizifuta salamu za pole kwenye ukurasa wa Musili, moja baada ya nyingine, na marafiki waliojua msiba akawaondoa. Kisha mtoto akaanza kulala vizuri, na nani anamwamsha mtoto aliyelala ili ampe habari kama hiyo? Kisha Ivyne akajua kuandika. Akataka kumwandikia baba.

Kila Jumamosi aliazimwa simu ya Mama Quincy, akaandika ujumbe wake kwa siri, mgongo ukiwa ukutani. Kila Jumatatu Kaindi alitoa simu ya Musili kutoka kwenye droo ya meza yake ya kazi, alikoihamishia kutoka mkobani ili isije ikaonekana nyumbani, akasoma na kujibu. "Network ya huku ni mbaya mwanangu, ndio nachelewa." Mara moja moja aliweka kitu kwenye ukurasa wenyewe, mahali pa wazi, kwa sababu Ivyne alipenda kuwaonyesha wenzake: picha ya jengo refu aliyoitoa mtandaoni, na maneno mawili matatu kuhusu joto la huko.

Mtoto alimwambia baba yake mambo ambayo hakuwahi kumwambia shangazi. Kwamba bado anakojoa kitandani na huwa anageuza godoro kabla Anti hajaamka. Kwamba Millicent wa darasa lao amesema watu wa Qatar hurudi ndani ya sanduku. Kwamba Anti ni mkali sana akishika kitabu cha hesabu, "baba kuja unichukue." Kaindi aliyasoma yote hayo na kuyajibu. Alikuwa mpole akiwa Musili kuliko alivyokuwa akiwa Kaindi, na alilijua hilo, na lilimwaibisha. Aliandika: "Mvumilie Anti, anakupenda." Jioni alirudi nyumbani na kushika kitabu kile kile cha hesabu.

Mama yao, Kamene, alipiga simu kutoka Mwingi kila Desemba. "Mlete mtoto aone alipolala baba yake," alisema. Kaindi alitoa visingizio: shule, mvua, kifua. Kaburi lina msalaba, msalaba una jina, na Ivyne sasa alijua kusoma.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumatatu moja ya Juni, wiki ambayo Daktari Mwaura alikuwa apeleke matokeo ya kwanza kwenye mkutano wa wakubwa wa afya. Mkutano ulikuwa Ijumaa. Kwenye meza ya pili aliketi Wainaina, kijana wa chuo kikuu, mwepesi wa vidole na wa kucheka, ambaye kazi yake ilikuwa pia kutafuta mifano ya kuonyesha kwenye skrini kubwa.

"Madam, kuja uone huyu jamaa," alimwita. "Huyu ndiye tunaweka mbele kabisa. Alikuwa kwa keja peke yake, hana kitanda, hana nini, na saa hii ako Qatar anapiga kazi. Hiyo ndiyo home care sasa!"

Kaindi alisogea. Kwenye skrini, ameegemea friji ya mlango mmoja, geji ya kupimia gesi mkononi, alikuwa Musili akimtazama. Chini yake paliandikwa: Mgonjwa nambari 217. Alitunzwa nyumbani. Amepona.

"Umejuaje amepona?" aliuliza, na sauti yake ilitoka sawa, jambo lililomshangaza.

"Kanuni ya tano. Amepost hata mwezi jana. Cheki hiyo mnara."

Alirudi kwenye meza yake na kukaa. Hofu ya kwanza ilikuwa ya kugunduliwa tu, hofu ndogo ya mwizi wa sukari. Ya pili ilichelewa kidogo, nayo ndiyo iliyomtoa jasho. Kama yeye, mwanamke mwenye akili timamu na cheti cha karani, ameweza kuiendesha simu ya maiti miaka miwili, ni nani mwingine anayeiendesha? Alifungua orodha ya waliotunzwa nyumbani na kuandikwa wamepona. Walikuwa sitini na mmoja. Akaanza kuwasoma upya, safari hii bila kutafuta ugonjwa. Alitafuta mtu.

Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akiwatukana waamuzi wa mpira kila Jumamosi. Baada ya ugonjwa alinyamaza mwezi na nusu, akarudi na mistari ya Biblia, na mpira hakuutaja tena. Kulikuwa na mama muuza mitumba ambaye tangu apone alikuwa ameweka picha moja tu, ile ile ya harusi, mara nne. Mwingine alipongezwa siku ya kuzaliwa na watu arobaini, na wote akawajibu kwa neno moja, yeye aliyekuwa hamalizi hadithi. Wala hapakuwa na picha mpya. Krismasi mbili zilikuwa zimepita, na Pasaka mbili, na hakuna aliyepiga picha nao. Sasa niambie, ni mtu gani wa Nairobi aliyepona Korona, akapita Krismasi mbili bila kusimama mbele ya kamera hata mara moja?

Hadi saa kumi jioni Jumanne alikuwa amehesabu kumi na tisa. Hakuwa na hakika ya hata mmoja, na alikuwa na hakika ya wote. Aliwaona wake zao na mama zao, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na sababu yake nzuri: chama cha akiba kinachojua nambari hiyo tu, mtoto anayeuliza, au kutaka tu jina lile liwake tena kwenye kioo asubuhi. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Aliwahurumia, na akawachukia kidogo, kama alivyojichukia.

Daktari Mwaura alikuwa na ofisi ndogo yenye dirisha kubwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mchovu, asiyemaliza chai yake kamwe. Kaindi alifunga mlango nyuma yake.

"Daktari, 217 hakupona. Alikufa."

"Nani amesema?"

"Mimi. Ni ndugu yangu, tumbo moja. Simu yake iko kwa droo yangu hapo nje. Mimi ndiye nimekuwa nikiandika."

Mwaura alivua miwani. Akasema, "Pole sana, Annah. Pole kweli." Akamsikiliza habari ya Ivyne, na ya wale kumi na tisa, hadi mwisho. Hakumkemea, na Kaindi angependelea akemewe.

"Sasa nisikize na mimi," alisema. "Tuliapa mbele ya kamati ya maadili. Tunasoma kile kilichowekwa wazi, basi. Hatumpigii mtu simu, hatuendi kwake, hatutumii kile tunachokijua kutoka nyumbani. Nikikubali wako, kesho Wainaina ataniletea wake. Na mimi nina wangu."

"Na hao kumi na tisa?"

"Hao ni macho yako. Mimi nayaamini. Lakini wakubwa hawatasimamisha kitu kwa sababu ya macho ya karani, unisamehe kusema hivyo." Alisugua uso wake kwa viganja. "Ningekuwa na mmoja tu. Mmoja aliyeandikwa mahali pa wazi kwamba alikufa, na akaunti yake ikaendelea. Hapo kanuni ya tano imevunjika mbele ya kila mtu, na jedwali zima la matokeo nalisimamisha mimi mwenyewe."

"Na ukikosa huyo mmoja?"

"Ijumaa wataambiwa kwamba waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Na itaandikwa kwenye mwongozo."

Kaindi alitazama nje. Kule chini watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi nje ya hospitali kubwa, wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, na vyombo vyao vya chakula vimefungwa kwa leso. Gonjwa lingine likija, mtu atapiga simu kumi na saba, na kote ataambiwa akae nyumbani, utafiti umeonyesha. Ataachwa huko afe kwa sababu Musili alipona vizuri akaenda Qatar. Hasira ilimpanda hadi masikioni, na hapakuwa na mtu wa kumtolea ila yeye mwenyewe.

"Kwa hivyo unataka niandike," alisema.

"Sikwambii uandike. Una mtoto nyumbani. Nakwambia tu ninachoweza kusoma." Akavaa miwani. "Jedwali linafungwa Alhamisi saa sita."

Jumatano Kaindi aliomba ruhusa ya nusu siku. Alimchukua Ivyne shuleni saa tisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, na mtoto akamtazama kwa wasiwasi njia nzima. Alikuwa sasa na miaka minane na miguu ya baba yake. Nyumbani Kaindi alimpa chai na mkate, akamwacha amalize. Maneno alikuwa ameyapanga vizuri tangu asubuhi, yenye mbingu na malaika ndani yake. Hayakutoka.

"Ivyne, babako hayuko Qatar. Alikufa. Alikufa hapa, kwa ile nyumba yenu, wakati ulikuwa unakaa kwa Mama Quincy. Alikuwa mgonjwa na hatukupata hewa ya kumpea. Tulimzika kwa nyanya yako Mwingi. Nilikudanganya."

Ivyne alikuwa akikusanya makombo ya mkate kwa kidole. Aliyakusanya yote.

"Nani alikuwa ananijibu?"

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya kitanda?"

"Hata hiyo."

"Na ile nilisema wewe ni mkali?"

"Hata hiyo, mama. Haikuwa makosa yako kusema."

Mtoto hakulia. Kaindi angetoa chochote alichokuwa nacho ili alie, apige kelele, amrushie kikombe, majirani waje. Ivyne alisema tu, "Sawa, Anti." Akainuka, akavua sare, akaikunja, akatoa kitabu cha hesabu na kukiweka mezani mbele ya shangazi yake, wazi, akingoja. Walifanya hesabu za kugawanya. Alipata zote, na kila alipopata moja Kaindi aliona haya upya.

Baadaye, wakiosha vyombo, mtoto aliuliza kama msalaba una jina. Kaindi alisema unalo. Aliuliza kama wanaweza kwenda shule ikifungwa. Kaindi alisema wataenda.

Alhamisi saa mbili asubuhi alifungua droo. Aliandika kwenye ukurasa wa Musili, mahali pa wazi, bila picha:

"Mimi ni Annah Kaindi, dada yake Musili. Musili alifariki Machi 2021 nyumbani Kawangware akingoja oksijeni. Hakuwahi kwenda Qatar. Tangu siku hiyo aliyekuwa akiandika hapa ni mimi. Mnisamehe."

Alisoma mara mbili, kama alivyosoma kila kitu, akabonyeza.

Kabla ya saa nne watu walikuwa wamefika kwenye ukurasa. Mteja mmoja wa Parklands aliandika kwamba alimpigia Musili mwaka mzima kuhusu friji na kumlaani kwa kutoshika simu, na sasa amuombe nani msamaha. Mwingine alimuuliza Kaindi kama hana haya kucheza na wafu. Kisha, katikati ya matusi na pole, mwanamke asiyemjua kabisa akaandika: "Dada usijali. Hata mimi natumia ya bwanangu." Chini yake mtu akaandika, "Sisi tunatumia ya mum." Kisha wa tatu. Kaindi alisogeza kiti chake kando ili Wainaina asome, naye Wainaina akasoma na kicheko chake chote kikamwisha.

"Pole, Madam. Ile siku mimi nilikuwa naongea tu, sikujua."

"Hungejua," alisema Kaindi. "Niliifanya vizuri."

Saa tano na nusu Daktari Mwaura alitoka ofisini kwake na kuwaambia wasimamishe kila kitu. Ijumaa alisimama mbele ya wakubwa bila jedwali, akasema matokeo hayajakamilika, na inasemekana aliambiwa maneno mazito kuhusu muda wa watu. Mgonjwa nambari 217 alihamishwa, kutoka safu ya kwanza hadi ya pili, kwa tarehe na chanzo. Wale kumi na tisa waliwekwa kwenye safu ya tatu, hawajulikani, na huko ndiko waliko hadi sasa. Kaindi alimhamisha ndugu yake kwa mkono wake. Lilikuwa jambo la kubonyeza mara moja.

Jumamosi, kama kawaida, Ivyne alikwenda kwa Mama Quincy kuazima simu. Kaindi alimwona kupitia mlango ulio wazi, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, akiandika. Alikaa muda mrefu. Jua lilihama kutoka kizingitini hadi kwenye beseni la nguo na mtoto bado anaandika. Mama Quincy alimtazama Kaindi kutoka ng'ambo ya uwanja wa ploti, akiuliza kwa macho kama amzuie. Kaindi alitikisa kichwa, amwache.

Jumatatu alifungua droo kwa mazoea, kabla hajavua koti. Simu ya Musili ilikuwa na ujumbe mmoja. Alisoma mstari wa kwanza.

"Baba najua husomi. Anti kama ni wewe tafadhali wacha kusoma."

Chini ya hapo ujumbe uliendelea. Ulikuwa mrefu, mrefu kuliko wowote ambao Ivyne alikuwa amewahi kuandika, ukateremka hadi kioo kikaisha. Kaindi aliilaza simu kifudifudi juu ya meza. Upande wa pili Wainaina alikuwa akigonga vidole vyake kwenye kibodi, na orodha ya siku ilikuwa imeshafunguka, wagonjwa thelathini na wawili wa kusoma kabla ya jioni. Aliwasoma. Ndiyo kazi aliyoandikiwa.

Jioni alibeba ile simu nyumbani, pamoja na chaja yake, akampa Ivyne mkononi. Akamwonyesha jinsi ya kuweka nambari ya siri, kisha akageukia jiko mtoto alipokuwa akiichagua. Hakuwa amesoma sehemu iliyobaki, na hadi leo hajui kilichoandikwa.